Kaunta ya Kiwiko cha Bosi

Bosi wetu ni mrefu hadi tunamwita Twiga, na futi ya kupimia haishiki. Kaunta ya dirisha la dawa, kwenye zahanati tuliyokuwa tunaijenga, aliipima kwa kuegemeza kiwiko hewani, akamwambia seremala, "Hapa hapa." Seremala akajenga hapo hapo. Mimi niliipaka rangi nikiwa nimesimama juu ya ndoo, nikajua tumekwisha.

Kesho yake mwenye zahanati angekuja kukagua. Akiridhika, kazi ya zahanati yake ya pili nayo ni yetu. Asiporidhika, turudi kukaa vibarazani. Mimi nilikuwa nimeshamwambia mama aache kufulia watu nguo, kwa hiyo roho ilikuwa juu juu.

Lakini Twiga alikuwa ametoka semina. Alirudi na sheria: kazi ikiisha tunakaa mduara, kila mtu anatoa maoni ya kujenga. Unaanza na sifa, kasoro unaiweka katikati, unamalizia na sifa. Anayeambiwa habishi. Anasema tu, "Asante, nimepokea."

Seremala akaanza. "Bosi, wewe ni taa yetu. Kasoro yako moja, unajituma mno. Ila taa ni taa."

"Asante, nimepokea."

Fundi umeme naye akaona kasoro: bosi hapumziki. Maoni gani hayo? Kilemba cha ukoka kitupu, na Twiga alikivaa kikamkaa.

Zamu yangu ikafika. Mficha uchi hazai, nikajiambia.

"Bosi, rangi umechagua vizuri. Kaunta iko juu mno, mgonjwa hafikii dawa. Ila misumari imekaa sawa."

Twiga alifumba macho kwa utamu. "Asante, nimepokea. Hasa hapo pa misumari."

"Na kaunta je?"

"Dada, si nimeshapokea?" Akamgeukia seremala. "Zahanati ya pili, kaunta iwe hivi hivi."

Nilitamani kulia.

Asubuhi mwenye zahanati akaingia, mama mfupi mwenye haraka zake. Twiga alijipanga nasi ndani ya dirisha, anatabasamu. Mama akaja moja kwa moja kwenye kaunta. Tuliona ncha ya kilemba chake tu, na mkono ukipapasa juu ya ubao kama wa mtu anayetafuta funguo.

"Nyie, kuna watu humo?"

"Tupo, mama! Karibu!"

"Mbona siwaoni? Mgonjwa atakuja na cheti na ngazi?"

Mkono ukaondoka.

"Bomoeni. Ile zahanati nyingine nitatafuta mafundi wenye macho."

Viatu vyake vikasikika hadi mlangoni. Akilini nilimwona mama yangu ameinamia tena beseni la nguo za watu.

Twiga akatugeukia, jasho linamtiririka. "Jamani! Watu wote hawa, hata mmoja wa kuniambia hakuna?"

Nilimtazama seremala, seremala akamtazama fundi umeme. Hatukupanga.

"Asante, bosi," tukasema kwa pamoja. "Tumepokea."