Ndoa za Kifalme za Jenerali Bertin

Mwaka 2001 mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa na majenerali wengi kuliko walimu, na Bertin alikuwa mmoja wao. Jeshi lake lilikuwa watu arobaini, bunduki kumi na saba, na kompyuta iliyoachwa na Wazungu wa msaada walipokimbia. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa wafalme wa zamani wa Ulaya. Anatole, aliyekuwa karani wa Wazungu hao, ndiye peke yake aliyejua kuiwasha, kwa hiyo alikuwa bado hai.

Kila asubuhi jenereta ilinguruma, Bertin akaamuru, Anatole akabonyeza. Walishindwa mara tatu. Mara ya nne walimwoza binti wa mfalme kwa jirani yao, na jirani akarudisha majeshi nyumbani. Bertin alikodolea macho kioo, kisha akasema na yeye ataozesha binti. Albert, jenerali wa rasi ya Ubwari, alikuwa akimnyang'anya boti za samaki. Akipewa mke atakuwa ndugu, na wataupiga mji wa Fizi pamoja. Shida moja tu: Bertin hakuwa na binti.

"We iko naye," alimwambia Anatole. "Adolphine. Nitasema ni mutoto wangu."

Bastola ilikuwa mezani, karibu na kipanya. Kukataa hakukuwezekana, Anatole akatafuta njia ya pembeni.

"Mukubwa, ukisema ni mutoto wako, Albert atakuwa mukwe wako. Mukwe hawezi kukula mbele ya baba-mukwe. Hata kukutazama usoni hawezi. Vita ya Fizi mutaipanga namna gani, yeye iko nyuma ya mulango?"

Bertin akakunja uso. Kichwani alikwisha kuiona sahani moja ya samaki, bia mbili na ramani. Mchezo haukuwa umesema lolote kuhusu jambo hili. Kule wakwe walikaa meza moja kama watu wasiolelewa.

"Sasa nani nitakula naye?"

"Shemeji," Anatole akasema, kabla hajalipima neno.

Bertin akacheka kwa furaha. Shemeji, ndiyo! Dada yake Immaculée alikuwa mjane, yupo tu. Akamtuma Anatole ampelekee habari.

Immaculée alikuwa ufukoni akipaa samaki. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha kisu. Akauliza wazo la kumtoa yeye lilitoka kwa nani. Anatole akatazama maji, akakiri ni lake.

"Na ndani ya ile mashine, dada ya mufalme akikataa, inaandika nini?"

"Kule badada habaulizwi."

Immaculée akafuta kisu kwa kitenge chake. Akasema yeye atakataa, na akishakataa, kaka yake atamrudia Adolphine, mambo ya mukwe atayasahau.

"Boti ya Kigoma inaondoka saa saba. Mulete mutoto na mama yake. Jibu langu Bertin atalipata wakishavuka."

"Na mimi, dada?"

"We utabakia na mufalme wako. Ukikosekana leo, atatuma watu ku boti."

Saa nane, boti ikiwa imeshaondoka nao, Anatole alirudi kwenye kompyuta, macho mekundu, akasema dada bado anafikiri. Bertin hakukasirika hata kidogo. Kwenye mchezo pia jibu huchukua mwezi. Akamwamuru akae, asogeze siku haraka.