Mgongo wa Babu

Mashine ya mionzi haina adabu wala haimjui Babu. Inachoma pale ilipoelekezwa, basi. Ndiyo maana wataalamu walimchora misalaba mitatu ya wino, mmoja chini ya kitovu na mmoja kwenye kila nyonga, wakamwonya asiifute. Kila siku wanamlaza, wanailinganisha na mistari ya mwanga, ili mionzi iipate saratani ya tezi dume bila kuunguza kibofu, jirani asiye na kosa.

Babu, mkuu wa ukoo, simba wa nyumba, alimwambia Bibi kwamba anatibiwa mgongo.

Basi jana Bibi alipokuwa akimwogesha, aliona uchafu. Akashika dodoki, akasugua. Na simba? Kimya! Heri aungue kuliko kutamka "tezi dume" mbele ya mkewe. Asubuhi akaiba penseli ya wanja ya Bibi, akajichora upya kwa kukisia.

Niliyagundua hayo kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikimvua shati. Msalaba mmoja ulikuwa umehamia jirani na mbavu.

"Babu, nini hii?"

"Sanaa. Nyamaza."

"Nani ameifuta ile ya hospitali?"

"Bibi yako na dodoki lake. Ukifungua mdomo, hurithi hata kijiko!"

"Watakuchoma utumbo, mzee mkaidi wee! Kaa na vijiko vyako!"

Nikamwita mtaalamu. Akapitisha kitambaa tumboni mwa Babu, msalaba ukabaki kwenye kitambaa.

"Mzee," akasema taratibu, jambo lililotisha kuliko kelele, "leo ningekuua kwa mikono yangu. Huingii kwenye mashine. Tunakupima upya."

"Nichoreni tu, nitakuwa mwangalifu," Babu akanung'unika.

Mwangalifu! Na dodoki je? Nikafungua mlango wa nje, ambako Bibi alikuwa ameketi benchini.

"Bibi! Njoo uoneshwe mgongo wa mumeo ulipo."

Babu akaniita mwanaharamu. Kisha akamweleza mkewe, akiitazama dari.

"Mimi niliyekuzalia watoto saba," Bibi akasema, "ndiye unayenionea haya?"

Babu akalazwa kwenye meza ya vipimo, mtaalamu akachukua kalamu.

"Usitikisike," Bibi akafoka.

"Sijatikisika."

"Na usiseme."

Bibi akasimama miguuni pake, mikono kiunoni, akiutazama kila msalaba unavyochorwa.