Saa Mbili ya Mwalimu Dakika

Wanafunzi walimwita Mwalimu Dakika, naye alijua, na tukisema kweli jina lilimpendeza. Miaka kumi na minane amefundisha hesabu bila kuchelewa hata siku moja, na habari hiyo hakuchoka kuisimulia, hata kwa mgeni aliyekuja kuuliza choo kiko wapi.

Ijumaa hiyo asubuhi alikaa peke yake na karatasi moja ya mtihani, akimngoja binti wa miaka kumi na miwili ambaye familia yake ilikuwa imehamia kutoka nchi ya mbali. Vyeti vyake hakuna aliyeweza kuvisoma pale shuleni, kwa hiyo mwalimu mkuu akakata shauri: afanye mtihani. Akifaulu, darasa la sita. Asipoufanya, aanzie la kwanza, kwenye vidawati vya watoto wanaong'oka meno, magoti yakimgusa kidevu. Na majina yanafungwa leo.

Juzi yake Mwalimu Dakika ndiye aliyempa mama wa binti taarifa, polepole na kwa sauti kubwa, utadhani ugeni ni uziwi. "Ijumaa. Saa mbili. Mbili!" Akainua vidole viwili. Mama naye akainua viwili. Walielewana vizuri sana.

Saa mbili ikafika, mbili na nusu ikapita. Saa tatu mwalimu akaandika taarifa kwa ule mwandiko wake mzuri: "Hakutokea. Familia haijali muda." Akaipeleka ofisini, akarudi kifua mbele.

Mchana, akikusanya madaftari, aliwaona mama na binti mlangoni. Mama amevaa nguo za kutokea. Binti ana penseli mbili zilizochongwa zikachongeka.

"Shikamoo mwalimu," binti akasema.

"Marahaba. Ndiyo mnakuja sasa? Si nilisema saa mbili?"

Mama akatabasamu, akamwonyesha simu. Iliandika 1:50. "Mbili bado, mwalimu. Sisi tumewahi. Dakika kumi!"

Mwalimu alifungua kinywa awakaripie. Hapo ndipo macho yake yalipopanda kwenye saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa umeikaribia namba mbili. Huko walikotoka, watu husoma namba wanayoiona. Yeye ndiye aliyetazama mbili maisha yake yote akasema nane, akatazama nane akasema mbili, na bado akaajiriwa kufundisha hesabu. Aliona aibu, tena aibu ya kweli.

"Samahani, mama. Kosa ni langu."

"Kosa gani?" Mama hakuona kosa lolote.

Ofisini, alipoomba binti apewe mtihani, mwalimu mkuu alikuwa ameshika orodha. "Lakini si umeandika mwenyewe kwamba hawajali muda?"

"Niliandika ujinga."

"Sasa niufute kwa sababu gani?"

"Kwamba mwalimu wa hesabu hajui kueleza saa."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akavua miwani. "Hiyo uiandike mwenyewe, utie sahihi. Inakaa kwenye faili lako." Aliandika. Mwandiko haukuwa mzuri hata kidogo.

Binti alizipitia hesabu mbiombio mpaka swali la kumi, kisha akanyoosha mkono. "Mwalimu, basi limeondoka saa tatu asubuhi, limefika saa saba mchana, limetumia saa ngapi njiani? Ni saa zenu au zetu? Kwetu saa tatu asubuhi watu wamelala. Na saa saba si mchana, ni jioni."

Swali hilo mwalimu alikuwa amelitoa miaka kumi na minane, na hakuna mtoto aliyewahi kumuuliza hivyo. Yeye mwenyewe pia hakuwahi kujiuliza.

"Fanya zote," akasema.

Binti akaandika saa nne, na chini yake saa kumi na sita. Kitabu cha majibu kilikuwa na nne tu. Mwalimu Dakika akachukua kalamu, akaongeza kumi na sita kwa mkono wake, akatia alama ya vema mara mbili. Halafu akakimbia ofisini, asije akachelewesha jina la mtoto kwa mara ya pili siku hiyo hiyo.