Neno la Chini

Ukibonyeza neno la chini, mzee wa kwenye skrini anatikisa kichwa, ndevu zake nyeupe zinayumba kidogo, kisha anakuuliza swali lile lile. Ukilibonyeza tena, anauliza tena. Siku ile Zorobabel alilibonyeza mara ishirini na sita, mimi nikihesabu kwa sauti, na watu waliokaa nyuma yetu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kusoma Kijapani. Tulijua tu, kwa kujaribu, kwamba neno la juu ni ndiyo na la chini ni hapana, na kwamba mzee yule hana sikio la kusikia hapana.

"Unaona?" Zorobabel akaniambia. "Unaweza kukataa mpaka kesho. Yeye iko anakungoja tu."

Chumba, ambacho sote tulikiita salle, kilikuwa cha mjomba wangu Kahongya, mfanyabiashara wa Butembo aliyekwenda Dubai mara mbili kwa mwaka na kurudi na chochote kilichokubali kuingia kwenye kontena. Mwaka mmoja alirudi na mashine tano za michezo ya video, mitumba ya Japani, na katoni ya disque za michezo yenyewe ambazo hakuzitazama kabla ya kuzinunua. Kwetu mtu hatupi kitu. Aliziweka nyuma ya duka lake la misumari na mabati, akanipa jenereta, mabenchi matatu, na amri kwamba asiwepo mtu wa kula karanga karibu na manette, vile vishikio vya kuchezea. Baadaye shemeji yake wa Ubelgiji akatuma mashine ya sita, yenye michezo ya Wazungu kwa Kifaransa.

Vijana wengi walikuja kwa ajili ya mpira. Sisi wawili tulipenda ile mirefu ya hadithi, ambayo unakuwa mtu fulani na kutembea naye miezi mizima, ukipigana, ukinunua viatu, ukizungumza na kila unayemkuta njiani. Mimi nilishika mashine ya Ubelgiji. Zorobabel alishikilia ile ya Kijapani, ambayo hakuielewa hata neno, na kwa kuwa hakuielewa alijitungia. Kijana mwenye upanga alikuwa mtoto wa mkulima wa Luofu. Mzee mwenye ndevu alikuwa mwami, chifu wa huko. Msichana mwenye fimbo aliimba kwaya, na kwa mujibu wa Zorobabel aliimba sauti ya pili, tena vibaya. Watu walikuja kusikiliza tu, nao mjomba aliwavumilia.

Tulibishana kila siku. Mimi nilisema mchezo wake ni reli, huwezi kutoka. Wangu ulinipa bonde zima na kuniambia nenda. Kabla ya kuanza nilichagua pua, nikachagua macho, nikajitia kovu shavuni, nikajiita Commandant. Ningeweza kumsaidia mwenye duka au kumwibia, na dunia ingekumbuka.

"Weye unataka kukuwa Mungu," alisema. "Mimi banipatie mutu mwenye iko na jina yake, na mama yake, na barafiki bane. Nitafika naye kwenye anaendaka. Njo maisha, hapana kuchagua pua."

Katikati ya hadithi yake yule msichana wa kwaya alikufa. Si kwa kushindwa vita, la, ilikuwa imeandikwa hivyo. Zorobabel alikuwa na chupa kumi na tisa za dawa ya kufufua, akafungua mfuko wake, akazipitia moja moja. Dawa iliyomwinua msichana yule mara mia vitani haikukubali kumgusa. Zorobabel aliweka manette chini, akatoka nje, akasimama kwenye ukungu wa Butembo na mikono makwapani. Nilipomfuata kumtania nilikuta macho yake mekundu, nikaacha.

Wiki ile ile, kwangu, kijiji kimoja kilituma mtu kuniomba msaada. Nilikuwa na safari nyingine, nikachagua hapana, mjumbe akainama na kuondoka. Hakuuliza tena. Siku mbili baadaye nilipita pale nikakuta majivu, na mbwa mmoja. Nikarudi nyuma mahali nilipohifadhi mchezo, nikachagua ndiyo, kijiji kikawa kizima. Nilimwonyesha Zorobabel kwa fahari.

"Muchezo yako haina haya," akasema.

Sasa niseme yeye alikuwa nani. Alitoka upande wa kakao, kaskazini mwa Beni, alikuja Butembo kusomea kilimo na akabaki kufundisha. Baba yake alikwisha kufa. Mama yake, Mama Berthe, alilima peke yake, na likizo zote nilizipitisha kwake, kwenye joto lile ambalo sisi watu wa baridi tunalisifu siku moja na kulilalamikia siku ya pili. Alikuwa mkaidi kama jiwe la kusagia. Jicho lake lilipougua, mwanawe alimsihi mwezi mzima aende hospitali, naye akagoma. Mimi nilikaa naye jikoni alasiri moja nikimenya ndizi, tukazungumza mambo mengine kabisa, na jioni akasema kesho anaenda. Tangu hapo Zorobabel alikuwa na kauli yake: mama ana watoto wawili, mmoja wa kumzaa na mmoja wa kumsikiliza.

Ilikuwa Oktoba, Jumatatu, mvua ikipiga mabati. Nilikuwa nimeketi mbele ya skrini, Commandant wangu akipanda mlima. Zorobabel aliingia amelowa, hakukaa.

"Baasi baliua batu kwa kijiji ya pembeni, juzi," alisema. "Mama anakataa kutoka. Anasema kakao imeiva, hawezi kuiachia bezi. Kesho asubui naenda kumutoa. Tuende wote, Élysée. Mimi hanisikilizake. Weye anakusikilizaka."

Nilikuwa nimeshika manette. Sikuiweka chini.

"Na salle itabakia na nani?"

"Siku tatu tu."

"Hapana, Zoro. Mimi hapana kwenda."

Aliitazama skrini, kisha akanitazama mimi. Nilingoja akasirike, ingenisaidia. Badala yake akatabasamu, akanipiga bega kwa kiganja chenye maji ya mvua.

"Bon. Utafikiri," alisema.

Haikuwa salle. Mjomba angeifunga siku tatu bila kutoka jasho. Niliogopa. Niliogopa barabara, niliogopa mashamba yale yenye kivuli kizito ambamo mtu anaweza kusimama hatua tano usimwone, na zaidi niliogopa mapanga. Nasema niliogopa bila kulipamba neno hilo, maana kwa miaka minne nimelivisha kila aina ya nguo.

Jumatano alinipigia simu. Niliiangalia ikiita juu ya benchi mpaka ikanyamaza. Nilijua swali. Alhamisi alipiga mara mbili, kisha ukaja ujumbe: *Mama amekubali. Tunakungoja samedi, utusaidie kubeba.* Niliusoma mara tatu; Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Ningeandika siji, neno moja lenye herufi nne. Nilijiambia atachoka mwenyewe, ataelewa. Nikaigeuza simu kifudifudi, nikaendelea kucheza.

Waasi waliingia shambani Ijumaa, mchana kweupe. Zorobabel alikuwa anafunga magunia nyuma ya nyumba. Mama Berthe alikuwa kwa jirani ng'ambo ya kijito, amekwenda kumwachia mbuzi wake wawili, na hilo ndilo lililomwokoa. Aliyenipa habari ni mjomba. Alikuja kwenye mlango wa salle, akazima jenereta kwanza, ndipo akasema.

Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda Beni kwenye matanga. Nilipita barabara ile ile niliyoiogopa, nyuma ya pikipiki, kupitia vizuizi vya askari, na hakuna kilichonipata. Watu walikuwa kwa kaka yake Mama Berthe, wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema. Wanawake walikuwa wakiimba. Nilitaka kupita pembeni nikae na watu wa mbali, lakini Mama Berthe aliniona, akaamka, akanishika mkono akaniingiza ndani, chumbani kwa watoto. Akafunga mlango. Hakuwa analia. Alikuwa mkavu kabisa.

"Zoro alinambia unakuja samedi," alisema. "Njo nilikubali. Nilisema, kama Élysée anatoka Butembo juu yangu, mimi ni nani nikatae? Alhamisi nilifunga bitu yangu yote. Ijumaa asubui nikamwambia: tuende leo. Akasema: hapana mama, Élysée atafika hapa peke yake, atatukosa, na njia ni mubaya. Tumungoje."

Nje waliimba ubeti mwingine.

"Batu banasema alikuwa ananidanganya," alisema. "Kaka yangu anasema hakuna mutu alikuwa anakuja, ni maneno tu ya kunitoa. Mimi nakuuliza weye. Ulikuwa unakuja?"

Simu ilikuwa mfukoni mwangu, na ujumbe wake ndani yake, usiojibiwa. Macho ya Mama Berthe yalikuwa juu ya uso wangu, lile lililotibiwa na lile zima. Nikisema hapana, mwanawe alikufa akiwa mwongo, na yeye alikaa siku nzima akimngoja mtu asiyekuwepo. Nikisema ndiyo, nitabaki na ndiyo hiyo maisha yangu yote. Nilifikiri haya yote kwa haraka ya aibu, na hata leo sijui kama nilimhurumia yeye au nilijihurumia mimi.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilikuwa nakuja."

Aliegemea kifua changu, na hapo ndipo alipolia.

Alipotoka aliwaambia wote. Alinisimamisha mbele ya kaka yake, mbele ya mchungaji, akasema, huyu alikuwa anakuja. Wazee wakanipa mkono mmoja mmoja. Mtu akanipisha kiti karibu na jeneza, na kesho yake makaburini nilishika kamba ya mbele.

Mama Berthe hakurudi shambani. Anaishi Vuhovi kwa mdogo wake Christa, analima maharage ya kutosha kula. Salle niliifunga. Mjomba alipouliza sababu nilisema jenereta imechakaa, naye akaziuza mashine kwa mtu wa Lubero. Nauza misumari. Jumamosi napanda pikipiki naenda Vuhovi, na mara tatu nimefika pale mlangoni nikiwa nimekata shauri kwamba leo nasema. Mara zote tatu alikuwa amekwishanitengea chakula.

Jumamosi iliyopita tulikula sombe ya majani ya muhogo, wawili tu, Christa alikuwa kwenye maombi. Mama Berthe amezeeka, jicho lile limerudia ukungu, anapakua kwa kupapasa. Alikuwa na amani niliyokuwa sijaiona kwake tangu siku zile.

"Iko kitu moja inanituliza," alisema. "Batu bengi hapa balipoteza batoto yabo bure tu. Sisi hatukungoja bure. Tulikuwa tunangoja mutu mwenye anakuja."

Akaniongezea sombe. Nikala.