Ita kwa Jina

Herieth alianza na watu watano. Ulikuwa mwaka mama yake alipokufa kwa presha, naye akajiapiza kwamba hatakaa tena Jumamosi nzima kwenye kochi pale Kimara akisubiri mwili umlipukie. Wakaanza kutembea na majirani, mara Pugu, mara vilima vya Kisarawe, picha zikarushwa kwenye grupu la WhatsApp, na watu wakazidi kuja. Ndani ya mwaka mmoja na nusu grupu likawa na watu sitini. Kila mtu alimwita Kiongozi. Duka la dawa alikouza dawa wiki nzima halikuwahi kumpa jina kama hilo, na hakuficha kwamba lilimpendeza.

Ndipo Albano, msaidizi wake, fundi umeme mwenye maneno mengi, akaleta habari za machimbo ya zamani ya mawe nyuma ya Boko. Kokoto zilishaacha kuchimbwa, ukabaki ukuta wa jiwe wenye urefu wa ghorofa nne, na vijana walikuwa wakiupanda kwa kamba. Kamba hupitishwa kwenye vyuma vilivyotiwa juu ya ukuta. Ncha moja hufungwa kiunoni mwa anayepanda, na aliye chini, mshikaji, huivuta ile ncha ya pili kidogo kidogo kadiri mwenzake anavyokwea. Mpandaji akifika juu kwenye tambarare hupiga kelele, "Nimetoka!" Mshikaji huiachia kamba, na mpandaji hufungua fundo na kushuka kwa miguu kwa njia ya nyuma.

Walifika Jumapili asubuhi, watu thelathini na wanne kwenye Coaster mbili, na sufuria la pilau na spika kubwa kama friji. Njia za kupandia zilikuwa sita. Kabla ya saa tatu, vijana walioajiriwa kuwafundisha walikuwa wameshatundika kamba kwenye zote sita, ingawa waliokuwa tayari kupanda hawakuzidi wanne. Wengine walikuwa wanapiga picha.

Msichana mmoja mwembamba aliyejitanda mtandio wa kijivu akamfuata Herieth. Nyuma yake alisimama kijana aliyebeba kamba begani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Mie naitwa Naima, huyu kaka yangu Nurdin. Sie huwa tunakujaga hapa kila Jumapili. Samahani dada, mngetuachia njia moja tu. Na kama hamtojali, muziki mpunguze, maana ukiwa juu husikii kitu. Halafu mkiita, muite kwa jina. Mkiwa wengi hivi, mtu hajui nani kaitwa."

Aliyasema kwa upole, macho chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani mpya. Herieth akacheka, akamshika bega. "Usijali mdogo wangu. Pana nafasi ya wote."

Aliwaachia njia ya mwisho, ile ya pembeni ambayo karibu na kileleni ina tumbo la jiwe linalomficha mpandaji asionekane na aliye chini. Akaagiza spika ipunguzwe. Akapiga makofi mara mbili na kutangaza kwamba kila anayeita aite kwa jina. Waliosikia walisikia. Baada ya robo saa mtu akaipandisha tena sauti ya singeli, na Herieth, aliyekuwa anafungwa mkanda kiunoni, hakugeuka.

Alipanda njia iliyopakana na ya Naima. Ilimchukua muda mrefu. Mara mbili aling'ang'ania jiwe, na huko chini wote thelathini na watatu walikuwa wanaimba, "Kiongozi! Kiongozi!" Alipojivuta hadi kwenye tambarare alilala kifudifudi, akanusa vumbi la chokaa, akamkumbuka mama yake. Kisha akasimama, akainua mikono, na kwa nguvu zote za kifua chake akapaza sauti:

"Nimetoka!"

Upande wa kulia, chini ya lile tumbo la jiwe, Naima alikuwa amesimama kwenye kijishimo akipumzisha vidole. Alibakiza mita mbili tu. Nurdin, asiyeweza kumwona, akasikia sauti ya mwanamke ikitoka juu kupitia makelele, akaona kamba imelegea. Akaiachia, na Naima akajiegemeza kwenye kamba isiyoshikwa tena na mtu.

Herieth hakumwona Naima akianguka. Aliona tu kamba ya jirani ikipita kwenye vyuma kwa kasi, ikifanya mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Kisha kule chini wimbo ukakatika. Spika iliendelea peke yake kwa muda, mpaka mtu akachomoa waya.

Walimzika kesho yake adhuhuri.

Siku ya tatu Herieth alikwenda msibani, Mtoni, na Margareta, mwanagrupu mwenzake. Alikaa mkekani na wanawake, khanga kichwani, akitafuta pa kuanzia. Jirani mmoja akamnong'oneza mwingine: "Eti kijana anasema kasikia sauti. Sauti gani? Alikuwa kwenye simu huyo. Baba yake hataki hata kumwona."

Kina mama walikuwa wengi, mama wa marehemu amelala chumbani. Akajiambia si mahali pake. Akatia rambirambi kwenye sinia, akaondoka.

Usiku huo Albano alimpigia. "Sista, usijitie kitanzi. Polisi wameandika ajali. Uliita kama wanavyoita wote. Ungejuaje?"

"Aliniambia, Albano. Alikuja akaniambia kwa mdomo wake."

"Basi nyamaza. Utamfufua?"

Akanyamaza. Alinyamaza dukani, akihesabu vidonge na kusahau namba. Akanyamaza kanisani. Chakula kikawa hakipiti. Aliyekuwa akimwona si msichana, ni yule kaka, ambaye dunia nzima ilikuwa inamwambia kwamba sauti aliyoisikia haikuwepo.

Siku ya arobaini, baada ya kisomo, alirudi Mtoni peke yake. Mzee Kondo, baba wa marehemu, alikuwa amekaa barazani, tasbihi mkononi. Bi Tabu, mkewe, alikuwa anapangusa sahani.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama." Akapiga magoti sakafuni. "Sauti aliyoisikia Nurdin ilikuwepo. Ilikuwa yangu."

Akaeleza yote: kamba sita, spika, maneno ya Naima, kicheko chake mwenyewe. Hakuruka neno. Alipomaliza, Bi Tabu aliweka sahani chini, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Mzee alizungusha tasbihi. Mwisho akasema, "Siku arobaini mwanangu analala karakana ya useremala, kwenye maranda. Nilimwambia asikanyage hapa." Akainuka, akajishika nguzo. "Twende Keko, aliko. Utamwambia mbele yangu."

Nurdin walimkuta anapiga randa mguu wa kitanda. Alikonda, ndevu zimemvaa. Hakushtuka kumwona baba yake. Aliendelea kusukuma randa mpaka Herieth alipoanza kusema. Hapo mikono yake ikasimama.

"Ita," akasema.

"Nini?"

"Ita kama ulivyoita."

Mafundi wa karakana za jirani walikuwa wanatazama. Herieth aliwageuzia mgongo. Akaita, "Nimetoka!" Sauti ikapasuka katikati.

Nurdin akafumba macho. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo hiyo." Akakaa juu ya mbao, akalia kwa sauti, na Mzee Kondo akaenda kukaa kando yake, asijue amguse wapi, mpaka akamshika kisigino.

Baadaye, walipokuwa wanasindikizana barabarani, Nurdin alimwambia Herieth bila hasira: "Sauti yako, dada. Lakini mkono ulikuwa wangu. Sie tulikuwa wawili tu, ningeweza kusubiri aite jina langu."

Herieth alitoa maelezo yake polisi. Yalipokewa, yakaambatanishwa kwenye faili, na ajali ikabaki ajali. Aliandika kisa chote kwenye grupu, kisha akalifunga. Wengi walihamia grupu la Albano, na Margareta alisikia kwamba huko nako wameshafika hamsini.

Nurdin alirudi kula nyumbani. Kupanda hakupanda tena.

Herieth huenda Mtoni kila mwisho wa mwezi. Mzee humpokea, humwuliza habari za kazi. Bi Tabu huitikia salamu yake kutoka ndani, neno moja, marahaba, na hajatoka kuja barazani hata siku moja.