Ulimi wa Msasa

Jumatano asubuhi Kitonga aliingia karakanani na mtoto wa mbwa ndani ya koti, na wachongaji wote wakaweka tezo zao chini wakaenda kumtazama. Nthoki peke yake hakuinuka. Alikuwa na ndovu wa mti mapajani, amefika kwenye masikio, na masikio ya ndovu hayataki haraka. Tena alijua vizuri kwamba mtoto wa mbwa haletwi hivi hivi tu mahali ambapo tayari pana mbwa.

"Huyu ni German," Kitonga alisema, akimwinua kila mtu amwone. "Pure. Tazameni mgongo ulivyo mweusi. Akimaliza miezi sita, hakuna mwizi wa huu mtaa wa Lucky Summer atapita hata kwa hii barabara."

"Wueh! Hiyo ni original, Chairman," alisema Ndete, mchongaji mdogo kuliko wote. "Umemtoa wapi?"

"Kuna vijana wanauza pale kando ya barabara. Karatasi zake watanitumia kwa simu."

Nthoki alicheka puani. Karatasi, tena kwa simu! Kitonga alikuwa mwenyekiti wa kikundi chao mwaka wa sita huu, na katika miaka hiyo alikuwa hajawahi kuambiwa jambo na mgeni akakosa kuliamini, wala kuambiwa jambo na mwenzake akaliamini.

Chini ya benchi la Nthoki, juu ya maranda ya mbao, Msasa alilala usingizi wake na hakusikia lolote. Miaka kumi na mitatu si mchezo kwa mbwa. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu na la pili lilielekea huko huko, masikio yalikuwa pambo tu, na asubuhi nyingine alijikojolea kabla miguu haijakubali kusimama. Jina alipewa na Mwangangi, marehemu mume wa Nthoki, kwa sababu ya manyoya yake makavu yaliyokwaruza kiganja. Mwangangi ndiye aliyemleta akiwa mdogo wa kutosha mfukoni, akamzoeza kulala chini ya benchi hilo. Kisha kifua kikamshinda, kwa vumbi alilolivuta maisha yake yote, na Nthoki akalikalia benchi kabla mtu hajapata muda wa kumwambia kwamba hapo si mahali pa mwanamke. Msasa hakuhama. Wawili hao walikuwa wamebaki, na Nthoki hakuona haya kusema kwamba alimpenda mbwa huyo kuliko baadhi ya watu wa ukoo wake.

"Mama Mwongeli, usikasirike," Kitonga alisema, sasa amesimama mbele yake. "Mwezi uliopita magogo matatu yalitoka hapa, mbwa amelala tu. Nimeongea na Patrobas wa mkokoteni. Jumamosi anakuja na gunia."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa gunia ni la nini. Mtaani hapo mbwa akizeeka hutiwa guniani ili asione njia ya kurudi, huvushwa mto kwa mkokoteni, akaachwa huko kwenye majalala ajitafutie. Watu husema si kumuua. Nthoki alikuwa akitaka siku zote kuwauliza, basi ni kumfanya nini?

"Msasa haendi mahali."

"Na mbwa wawili tutawalisha nini?"

"Kile nilichomlisha huyu miaka yote. Wewe umewahi kuleta hata mfupa, Chairman?"

Watu wakacheka, na Kitonga alikuwa mtu asiyependa kucheka kusikoanzia kwake. "Jumamosi Madam Elsie anakuja kuchukua ndovu wake," alisema. "Sitaki mteja apokewe na mbwa anayenuka mkojo. Maneno yameisha."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," Nthoki alisema, akarudi kwenye masikio ya ndovu.

Ndovu hao walikuwa arobaini, na Elsie, mwenye duka la vinyago mjini, alikuwa ameagiza wa mpingo. Mpingo wenyewe ulikuwa haupatikani tena kirahisi. Kwa hiyo ndovu walichongwa kwa jakaranda, mti mweupe na laini, kisha wakaletwa kwa Nthoki. Yeye aliwapiga msasa, akawapaka rangi nyeusi ya viatu mara tatu, akiwaanika juani kila mara, halafu akawasugua kwa kitambaa mpaka wakang'aa. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya karakana, na hapakuwa na mwingine mwenye mkono kama wake. Hakujivunia wala hakujilaumu. Binti yake Mwongeli alisomeshwa na ndovu hao hao. Rangi hiyo iliingia kwenye kucha, kwenye chai, kwenye mikunjo ya viganja vya kila mtu. Mgeni akifika, harufu yake ilimpokea mlangoni. Wenyewe walikuwa hawaisikii tena.

Nthoki alikuwa ameapa kumchukia mtoto wa mbwa. Lakini Kitonga, baada ya kumwonyesha watu wote, alimsahau, na mnyama alipoanza kulia alijikokota hadi mahali pekee palipokuwa na mbwa mwenzake. Msasa alizinduka. Alimnusa, akapiga chafya, akageuza uso kama mzee aliyeketishwa karibu na watoto kwenye harusi. Kisha akaanza kumlamba, kuanzia kisogoni hadi mkiani, polepole, dume zima la mbwa likifanya kazi ya mama.

Alhamisi Msasa alifika langoni mara tatu. Kwa mwezi mzima alikuwa hajafika hata mara moja. Mdogo alimfuata nyuma, akisimama anaposimama, na mzee alipogeuka na kumkosa kidogo alihangaika mpaka alipomgusa kwa pua. Akala uji wote, akalamba bakuli. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga hawakukosea. Kiapo cha Nthoki kilivunjika hapo, naye akabaki na hasira moja tu, ya kuambiwa achague wakati hapakuwa na la kuchagua.

Ijumaa Msasa alitapika.

"Mathe, cheki!" Ndete aliruka nyuma. "Cheki ulimi ya huyu mbwa!"

Ulimi ulikuwa mweusi. Si weusi wa madoa ambao mbwa wengine huzaliwa nao, bali weusi wa kutandaa, mpaka kwenye ufizi.

"Kichaa hicho," Kitonga alisema kutoka mbali. "Kichaa huanzia mdomoni. Mtu asimguse. Kesho Patrobas akifika, aondoke naye papo hapo."

"Mbwa mwenye kichaa hanywi maji. Huyu amemaliza bakuli."

"Wewe ni daktari wa wanyama?"

Hakuwa. Alikuwa mama mwenye miaka hamsini na minane, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo aliogopa, kwa sababu waliokuwa wakimwonea Msasa huruma sasa walimkwepa. Jioni wenzake walipoondoka alikwenda bombani kunawa kama kila siku. Akasugua vidole kwa sabuni na mchanga, akatazama maji meusi yakishuka. Mkono wake ukasimama.

Alinusa kidole. Akarudi mbio, akapiga magoti, akafungua kinywa cha Msasa na kukinusa. Vibati vya rangi vilikuwa rafuni juu, vimefungwa, na shingo ya mzee ilikuwa haifiki hata nusu ya huko. Basi akamvuta mdogo hadi penye mwanga. Begani, pale Msasa alipopenda zaidi kulamba, weusi ulikuwa umepauka, na chini yake palionekana manyoya ya kahawia, ya mbwa wa mtaani kama mwingine yeyote.

"Kazi mbaya," Nthoki alisema kwa sauti. "Wamepaka mara moja tu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kitonga, ambaye mikono yake ilikuwa myeusi asubuhi, mchana na jioni, angejuaje kwamba mbwa anamchafua? Kisha kicheko kikamwishia. Kusema mbwa amepakwa ni rahisi. Kusema amejuaje ni jambo jingine.

Jumamosi aliwahi kufika, lakini Elsie alikuwa amewahi zaidi. Alisimama kwenye meza ya ndovu na mkoba wake begani, Kitonga akimzunguka kwa maneno matamu, na Patrobas alikuwa anaegesha mkokoteni langoni. Gunia lilikuwa limekunjwa kwapani mwake.

"Mama, mimi natumwa tu," Patrobas alimwambia, akilikunjua gunia bila kumtazama usoni.

"Usikaribie hapo, Madam," Kitonga alimwonya Elsie. "Huyo mbwa ana kichaa. Anaondolewa sasa hivi."

Msasa hakusikia kichaa chake. Alisikia harufu ya Patrobas, ambaye kila alipoleta magogo alimtupia kipande cha mandazi, akatoka chini ya benchi akitikisa mkia, akaenda mwenyewe mpaka kwenye mdomo wa gunia.

Nthoki hakuweza kulivumilia hilo. Alilowesha kitambaa, akakisugua kwenye sabuni, akamnyanyua mtoto wa mbwa na kumketisha juu ya meza, katikati ya ndovu.

"Mama Mwongeli," Kitonga alisema polepole. "Chunga."

Alimpangusa mgongo mara moja, kitambaa kikawa cheusi. Akakikunja, akapangusa tena. Chini ya mkono wake German akaisha, akabaki mtoto wa mbwa wa kahawia, amelowa na anatetemeka.

"Haiya!" Ndete alishika kichwa. "Chairman, umeuziwa viatu!"

Wote wakaangua kicheko, hata Patrobas. Elsie hakucheka. Alikuwa anatazama kitambaa.

"Umejuaje kwamba ni rangi?"

Kicheko kikakatika. Nthoki aliona macho ya Kitonga yakimsihi. Aliona ndovu arobaini, jasho lake la wiki tano. Halafu akamwona Msasa, amesimama mbele ya gunia, bado anangoja mandazi.

"Nimejua kwa sababu ndiyo kazi yangu," alisema. "Hawa ndovu wako wote ni jakaranda. Mimi ndiye niliyewapaka. Huyu mbwa alimlamba mwenzake, ndiyo maana ulimi wake uko hivyo. Hana kichaa, na hatatiwa guniani kwa sababu ya rangi ninayoijua kama mkono wangu."

Elsie alichukua ndovu mmoja, akampima kiganjani.

"Na mimi nikishangaa mbona mpingo wa siku hizi ni mwepesi," alisema. Akamrudisha mezani. "Watoeni rangi, wote. Jakaranda nitauza kama jakaranda, na bei tutaongea upya. Mkiniletea weusi tena, msahau duka langu." Akaondoka bila chai aliyokuwa amewekewa.

Kitonga alingoja mpaka lango likafungwa. "Umetuua!" alipiga kelele. "Umetuua sote kwa ajili ya mbwa kipofu! Patrobas, wachukue wote wawili. Na hicho kidogo cha uongo, kipeleke huko huko!"

"Nani awachukue?" Nthoki alisimama kati ya gunia na mbwa, na sauti yake ilifika mpaka kwa majirani. "Nyani haoni kundule! Umebeba rangi ya viatu kifuani ukaiita German, na mikono yako imejaa rangi hiyo hiyo. Sisi sote hapa tuna macho, tuna pua, na aliyeugundua uongo wako ni huyu kipofu, kwa ulimi. Na huyu mdogo kosa lake ni nini? Alijipaka mwenyewe? Mbwa wote wawili wanabaki. Ukitaka niondoke nao, sema sasa, halafu ukae hapa usugue ndovu arobaini, uone kama vidole vyako vitafika kwenye masikio."

Ndete aliokota tezo yake, akaitazama, akaiweka chini tena.

"Mathe akitoka, hata mimi natoka," alisema, na mmoja wa wazee akakohoa kikohozi cha kukubali.

Kitonga alitazama ndovu, akatazama wenzake, akavaa koti lake ambalo bitana yake sasa kila mtu aliiona ilivyo nyeusi. Alitoka bila kuaga.

"Basi mimi nirudi," Patrobas alisema, akianza kukunja gunia.

"Gunia liache."

"Mama, hilo ni la kubebea makaa."

"Utapata lingine. Nimesema liache."

Akalichukua, akalipasua mshono kwa wembe, akalikung'uta nje, akalitandaza chini ya benchi. Msasa alilinusa pembe zote nne, akajizungusha mara mbili, akalala. Mdogo akajipenyeza tumboni mwake.

"Sasa tutamwita nani?" Ndete aliuliza.

"Mpingo," Nthoki alisema. Kisha akaketi, akachukua ndovu wa kwanza na kipande cha msasa mkali, akaanza kumtoa rangi, kuanzia masikioni.