Uzi wa Shanga za Maku

Shanga za kiunoni za binti yangu Maku zilipokatika tena, nilichukua kile kipande cha uzi nikaenda nacho moja kwa moja soko la Agomanya, nikamtupia muuza nyuzi mezani pake. Mimi nauza shanga. Mama yangu aliuza shanga. Ukoo wa mume wangu huzichoma wenyewe, vioo vinatwangwa na kupikwa tanuruni mpaka ving'ae. Halafu mtoto wa nyumba hiyo amwage shanga darasani kama wa watu wasiojua kufunga fundo! Nilikuwa na hasira za kutafuna mawe.

"Uzi wako umeoza, Teki," nilimwambia mbele ya wateja wake.

Teki aliushika ncha zote mbili akauvuta mpaka ukamkata vidole. Haukukatika.

"Umeoza? Mama Maku, uzi huu unafunga mbuzi dume. Nenda kakilaumu kiuno."

Meza za jirani zote zikaangua kicheko. Nilimjibu maneno ambayo mama yangu angenizaba kibao kwa kuyasema, nikaondoka.

Nyumbani mama mkwe wangu, Bibi Kabukie, alifurahi aliposikia. "Uzi ukikatika maana yake nyumba ina chakula. Acha watu waone kijicho." Akazitunga shanga upya kwa uzi mnene, akaongeza nyingine, na jioni hiyo akamwandalia mjukuu wake banku, ugali wetu wa unga uliochachushwa, na mchuzi wa koobi, yule samaki wa chumvi anayenuka mtaa mzima, na vipande vya mkia wa bata mzinga vikiogelea kwenye mafuta.

Wiki iliyofuata manesi walikwenda shuleni kupima watoto: kimo, uzito, mkono, kiuno, presha. Nikaitwa haraka kwa sababu Maku amegoma. Nilimkuta amejikumbatia tumbo, na Bibi Kabukie, aliyefika kabla yangu, amesimama mbele yake kama mlango uliofungwa. Kwetu shanga za kiunoni hazionyeshwi kwa wageni.

"Futi ya mgeni haizunguki kiuno cha mtoto wetu," Bibi alikuwa akisema. "Tena juu ya shanga! Kwenu hamna adabu?"

Nesi Adzo, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliikunja futi yake akaitia mfukoni. "Bibi, simgusi. Mpeleke wewe nyuma ya pazia, umvue mwenyewe, uniletee ule uzi tu."

Bibi akamshika Maku mkono. Wakaenda nyuma ya pazia.

Adzo alimsimamisha Maku ukutani, akachora mstari wa chaki juu ya utosi. Kisha akanipa mimi uzi wa shanga niupime ukutani kuanzia sakafuni, mara mbili. "Kiuno cha mtoto kisizidi nusu ya kimo chake," alisema. "Ukiulaza mara mbili, usiipite chaki."

Nikaulaza. Ukaipita kwa kiganja kizima.

"Uzi haujui presha," Adzo alisema alipoona uso wangu. "Unatuambia tu ni nani tumtazame vizuri." Akamfunga Maku mkanda wa presha mkononi, akautazama, akaufungua, akachukua mwingine mpana zaidi. "Mkanda mwembamba kwenye mkono mnene ni mwongo. Unapandisha namba bure."

Niliomba kimoyomoyo ule mkanda mpana uniambie kwamba yote ni uongo. Haukuniambia hivyo. Tuliitwa kliniki mara mbili zaidi, Maku akapumzishwa kwanza, akapimwa kwa utulivu, na kila mara presha ilikuwa juu.

Nilijua presha inafanya nini, na sababu ilikuwa nyumbani imekaa kwenye kiti. Mume wangu Angmor ndiye aliyekuwa fundi wa tanuru letu. Mwaka juzi presha ilimwangusha akiwa anatoa shanga motoni, presha ambayo hakuna aliyewahi kumpima. Tangu siku ile mkono wake wa kulia haumsikii, na maneno humtoka moja moja, kwa jasho. Sasa jambo lilelile limemshika mwanangu wa miaka kumi na mmoja. Niliogopa, wala sioni haya kusema.

Daktari alipima figo na moyo wa Maku, akakuta salama. "Tujaribu muhula mmoja," akasema. "Chumvi na mafuta vipungue, soda iishe, acheze kila siku. Isiposhuka, tutaanza dawa."

Basi vita vikahamia jikoni kwangu. Nikatupa koobi, Bibi akanunua mwingine. Nikamtafuta chini ya kapu la mihogo, nikamtoa.

"Mama, huyu samaki humfichi. Anajitangaza mwenyewe."

"Unataka mtoto akonde, watu waseme nyumba ya Angmor ina njaa? Nimelea watoto saba kwa chumvi hiihii. Chumvi haijamfanya mtu kitu!"

Kishindo kikatushtua sote. Angmor alikuwa amepiga ukuta kwa mkono wake mzima.

"Ma... Mama," alisema. Akauinua ule mkono mwingine kwa vidole vya huu, akauachia ukaanguka mapajani. "Mimi."

Bibi Kabukie alimtazama mwanawe, machozi yakimlengalenga, kisha akanipokonya samaki akatoka naye. Jirani alimla. Kuanzia kesho yake Bibi alipika kwa tangawizi, pilipili na prekese, lile tunda la mwituni linaloitia supu nzima harufu tamu, na ole wako umwambie kuna kitu kimepungua.

Kucheza kulikuwa kugumu zaidi. Wasichana wa kwetu hucheza ampe: mnaruka, mnapiga makofi, mkitua kila mmoja anatoa mguu mbele, na mguu ndio unaoamua mshindi. Maku alikuwa akikaa pembeni kuwapigia makofi wenzake, maana akiruka kidogo alihema, nao walimwita Tanki. Jioni ya kwanza nilisimama mimi kuruka naye. Mama mzima, kitenge kikinidondoka! Bibi aliimba huku akinicheka waziwazi, na Angmor akawa mwamuzi, anaelekeza kidole kwa aliyeshinda. Alikuwa mwamuzi wa upendeleo mtupu.

Maku alilia siku nyingi. Alinitupia ndala mara moja. Lakini hakuacha. Kabla shule hazijafungwa aliwatoa wasichana wote wa mtaa wetu mmoja baada ya mwingine, akaja mbio huku akipaza sauti kutoka njiani, "Mama! Tanki imewakanyaga wote!"

Siku ya kliniki Angmor alikataa kubaki. Tulimpandisha gari, tukamshusha, akatembea kwa fimbo mpaka chumbani kwa Adzo. Maku akasimama ukutani, alikuwa amerefuka. Adzo akachora chaki mpya, na uzi, ambao Bibi alikuwa ameufupisha kadiri kiuno kilivyopungua, ukalazwa mara mbili, ukaishia kwenye chaki penyewe, haukuvuka. Bado kazi ipo, Adzo akasema, akachagua mkanda wa presha unaoutosha mkono, akamkalisha Maku atulie.

Adzo alipima. Akasubiri, akapima tena. Akamvua mkanda bila haraka, nami nikatamani kumtikisa.

"Mia moja na sita kwa sitini na sita," alisema hatimaye. "Imeshuka. Hatuanzi dawa. Mtamleta tumwangalie tena, lakini leo nendeni nyumbani mkafurahi."

Angmor alijishika ukutani akainuka. Akalivuta neno kutoka mbali, na hatukumsaidia, maana hapendi kusaidiwa.

"Hiki... kitu," alisema, akiuweka mkono wake mzima juu ya kichwa cha Maku. "Kilinishinda mimi. Yeye... amekishinda."

Nikapiga vigelegele mle mle chumbani, Bibi akavipokea, na wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi ya nje, ambao hawakujua hata tunashangilia nini, wakaanza kupiga makofi.